Moyo Uliochorwa Kichwa Chini

Watu wazima wengi wakirudi shule hujifanya wameenda kumsindikiza mtoto. Mama Maini hakujifanya. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika BAIOLOJIA juu ya jalada kwa herufi kubwa kama bango la duka, akawa anakwenda nalo kazini ndani ya mfuko wa plastiki lisije likalowa damu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza machinjioni, akitoa matumbo.

Jina walimpa wateja, maana asubuhi alikuwa ndani na kisu na mchana alikuwa dirishani akiuza maini. Kazi ya asubuhi si ya kila mtu. Ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa huning'inizwa kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, tumbo likimwelekea mtoaji. Mtoaji hupasua kutoka juu kuja chini, kidole kikitangulia ncha ya kisu, kisha hupokea vitu kwa zamu yao: tumbo na utumbo kwanza, ini linafuata, halafu anapasua kiwambo, ule utando unaotenga tumbo na kifua, na kuvuta moyo na mapafu yakiwa bado yameshikana na koo. Ukitoboa utumbo au nyongo umeharibu nyama, na wenzako watakukumbusha mwaka mzima. Mama Maini alikuwa na miaka saba hajatoboa kitu, na hakuona haya kulisema hilo kwa mtu yeyote aliyesimama karibu naye zaidi ya dakika mbili.

Ila kujua ni jambo moja na kusikilizwa ni jambo jingine. Siku moja alishika ini, mikono ikalikataa. Lilikuwa gumu pembeni na mirija yake imenenepa, akajua lina minyoo. Akamwambia msimamizi.

"Kwani wewe ndiye mkaguzi?" msimamizi akamuuliza, na ini likawekwa pamoja na mengine.

Bahati nzuri Mkaguzi mwenyewe, mzee mpole mwenye koti jeupe na muhuri wa wino wa zambarau, alifika muda huohuo. Akalikata mara moja, akalitupa kwenye pipa la vilivyoharibika, kisha akauliza nani aliyeligundua. Wote wakamwangalia Mama Maini.

"Mikono unayo, mama," Mkaguzi akamwambia. "Umekosa cheti tu. Chuo cha ukaguzi wanamchukua yeyote aliyefaulu baiolojia ya sekondari, ilimradi hajatimiza arobaini."

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Mama Maini alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja, na katika mwaka huo kulikuwa na mtihani mmoja. Akikosa, atabaki kuyaona maini mabovu na kuulizwa kama yeye ndiye mkaguzi mpaka azeeke. Majirani walipomtia moyo kwamba elimu haina mwisho, aliwakata kauli: "Ina mwisho. Miaka arobaini. Imeandikwa kwenye fomu."

Alidhani somo litakuwa dawa chungu ya kumezwa huku umeziba pua. Badala yake likamlevya. Alikuwa kama mtu aliyefua nguo za nyumba fulani miaka nenda rudi, leo ndiyo anakaribishwa sebuleni kuonana na wenye nguo. Kumbe figo, zile mbili za kumfungia mteja kwenye karatasi, zinachuja damu yote ya mwili, zikimaliza zinaanza tena, mchana na usiku. Kumbe bandama, ambayo miaka yote alikuwa anawarushia paka, ni mahali pa kustaafishia damu iliyochoka. Alisoma kwamba utumbo mwembamba ni mrefu ajabu, akaona kwa nini aamini maneno ya karatasi wakati utumbo anao. Jumamosi, kazi ilipokwisha, akaunyoosha mmoja sakafuni kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi uani, akaupima kwa hatua. Hatua hamsini na mbili. Akarudi kuhesabu tena, kwa furaha tu.

"Huyu amepotelewa na nini?" mwenzake mmoja akauliza.

"Sijapotelewa," akajibu bila kuinua kichwa. "Nimeokota."

Wateja nao walipata sehemu yao. Mmoja wa siku zote alikuja kutaka figo, na Mama Maini akamfungia huku akimweleza mkojo unavyotengenezwa, tangu tone la kwanza, hatua kwa hatua. Mteja akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema leo atachukua mifupa.

Masomo yalikuwa saa kumi na moja jioni, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, na kitabu chote alikuwa nacho kichwani. Mama Maini alimpenda kama mtu anavyompenda mpwa wake, yaani kwa kubishana naye. Hakukuwa na ubaya wowote kati yao mpaka siku ya jaribio, mwezi mmoja kabla ya mtihani wenyewe.

Swali la mwisho lilisema: chora moyo wa mnyama anyonyeshaye ukitazamwa kwa mbele, uandike majina ya sehemu zake. Alama kumi na tano. Mama Maini alicheka peke yake mpaka jirani yake akamgeukia. Kumwambia yeye achore moyo! Alichora bila kunyanyua penseli, akaweka mishipa, akaweka vali, akaunenepesha ukuta wa kushoto kama unavyostahili, maana upande huo ndio unaosukuma damu mwili mzima. Akawa wa kwanza kutoka nje.

Karatasi ilirudi na sifuri ya wino mwekundu.

"Umegeuza, mama," Mwalimu akamwambia, akijitahidi kuwa mpole. "Ncha ya moyo inakwenda chini, wewe umeielekeza juu. Na upande wa kushoto wa moyo unakaa kulia kwa karatasi, kwa sababu mnyama anakutazama. Wewe umeuweka kushoto."

Hilo la kushoto Mama Maini alikuwa ameliona kitabuni. Alidhani ni kosa la wachapaji na hakutaka kuwaaibisha.

"Mwalimu, umeshika mioyo mingapi?"

"Sijashika hata mmoja."

"Mimi nashika thelathini kwa siku."

"Najua. Lakini mtahini hatauliza umeshika mingapi. Swali la mchoro halikosekani, mama, na ukilikosa sioni pengine pa kuzifidia alama hizo."

Alirudi nyumbani amevimba. Usiku huo sufuria ndizo zilizopokea maneno yote aliyoshindwa kumwambia Mwalimu. Aliogopa, na alipokuwa akiogopa alikuwa mkali, hiyo ilikuwa tabia yake na nyumba nzima iliijua.

Nyumba nzima maana yake ni binti yake mmoja, ambaye pia alikuwa akisoma sekondari, na aliyekuwa akipenda kumwambia mama yake kwamba hapa ndani kuna wanafunzi wawili lakini mmoja tu ndiye anayeosha vyombo. Asubuhi ya Jumapili walikaa mezani wakinywa chai, mama huku, binti kule, ile karatasi katikati. Binti akaitazama muda mrefu.

"Mama, mbona amekupa sifuri? Moyo uko sawa huu."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Uko sawa kabisa, kila kitu. Maandishi tu ndiyo yanasomeka juu chini. Hebu njoo ukae huku."

Mama Maini akazunguka meza akiwa na kikombe mkononi. Akakaa kwenye kiti cha binti yake, akatazama. Ncha ya moyo ilikuwa chini. Ukuta mnene ulikuwa kulia kwa karatasi, palepale kitabu kilipotaka. Akanyanyuka, akarudi kwenye kiti chake: umegeuka. Akaja tena upande wa pili: umekaa sawa. Akaweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ananing'inia," akasema. "Mwanangu, ng'ombe wangu ananing'inia kichwa chini. Sijawahi kumwona aliyesimama akiwa wazi."

Akasimamisha kitabu kwenye kiti, akakipa mgongo, akainama mpaka kichwa kikaning'inia, akachungulia ule mchoro kupitia katikati ya miguu yake. Ulikuwa ndio wenyewe, moyo wake wa kila siku, kushoto kwake kushoto na ncha juu. Binti alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mama Maini hakuwa na nafasi ya kucheka, alikuwa na furaha mno.

Jumatatu alfajiri alimburura Mwalimu machinjioni. Mwalimu akapewa mabuti yaliyomzidi saizi tatu na aproni iliyomfika chini ya magoti, akasimama kando ya ng'ombe anayening'inia akiwa amebana midomo. Mama Maini akapasua, akatoa, akafika kwenye kiwambo. Hapo akamwita asogee.

"Tia mkono. Kabla sijautoa. Ncha iko wapi?"

"Juu," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Bonyeza upande huu. Halafu huu."

Mwalimu akabonyeza. Upande mmoja ukuta ulikuwa laini, kidole kikazama. Upande wa pili ulikataa kama kisigino. Uso wake ukabadilika. Akabonyeza tena, huku na huku, akasahau shati lake na mikono yake iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Nimefundisha kitu hiki miaka minne," akasema. "Nilikuwa nasema tu 'ukuta mnene'. Sikujua ni mnene hivi."

Akamrudishia alama zake kumi na tano palepale, kwa mdomo. Kisha, alipokuwa akivua mabuti, akamwambia jambo ambalo Mama Maini alikuwa ameshaliwaza na kulikimbia. Mtahini hataletwa machinjioni. Yeye ataona karatasi tu, na karatasi inataka mnyama aliyesimama.

Basi kwa mwezi mzima alijifundisha kumsimamisha mnyama. Alichora nyuma ya stakabadhi, alichora kwenye vumbi la dirishani, alichora kwa kidole kwenye unga. Akichora polepole, akijisimamia kama mkwe mkali, moyo ulikaa sawa. Akiharakisha kidogo, mkono ulirudi machinjioni. Mzoea punda hapandi farasi, na punda huyu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Siku ya mtihani wa vitendo aliwekewa sinia, na kwenye sinia moyo wa mbuzi, umeoshwa, peke yake, bila mnyama wa kumwonyesha wapi ni juu. Vijana waliomzunguka waliusogelea kwa ncha za vidole. Mama Maini aliushika kiganjani, akaubonyeza kwa dole gumba, akaujua kushoto kwake kabla hajavuta kiti. Akachukua penseli. Akachora mstari wa kwanza, na ncha ikaelekea juu.

Akafuta. Akachora tena, ikaelekea juu tena. Jasho likamtoka. Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika kumi na tano, na karatasi ilikuwa imeanza kuchakaa pale alipofuta. Akaangalia mkono wake wa kulia, mkono uliomlisha na kumsomeshea mtoto, na kwa mara ya kwanza akauchukia.

Kisha akaacha kubishana nao. Akaigeuza karatasi juu chini, akauacha mkono uchore unavyojua.

Mkono ulikwenda wenyewe. Ukatoa vyumba vinne, ukuta mnene na ukuta mwembamba, mshipa mkuu ukipinda, vali zikiwa zimekaa mahali pake, kila kitu kichwa chini kama alivyokiona kila asubuhi ya utu uzima wake. Msimamizi wa mtihani, mwanamke mwenye miwani, akaja kusimama kando yake, akaitazama ile karatasi iliyogeuzwa kwa mashaka.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hapana," Mama Maini akasema. "Namngoja mnyama asimame."

Akamaliza, akaizungusha karatasi, na moyo ukakaa wima mbele yake, mzuri kuliko wa kitabu. Akaandika majina yote kwa herufi zilizonyooka. Kushoto akakuandika kulia, na safari hii hakumwonea haya mchapaji yeyote.

Matokeo yalitoka wiki tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini, siku ya kazi, saa sita mchana, foleni ya dirishani ikiwa imefika barabarani. Binti alikuja mbio kutoka shuleni, simu mkononi, akaingia kwa mlango wa nyuma ambao haruhusiwi kuupita. Alimwonyesha. Baiolojia: B.

Mama Maini aliisoma ile herufi, akaisoma na namba yake ya mtihani iliyokuwa pembeni, tarakimu moja moja, asije akawa amepewa B ya mtu mwingine. Ilikuwa yake. Binti akamkumbatia vilevile alivyo, aproni yenye damu juu ya shati jeupe la shule, akamng'ang'ania.

Nje mteja aligonga kioo. Mama Maini hakugeuka. Kifuani kwake alikuwa anausikia moyo wa mtoto ukipiga kwa kasi ya mbio zote zile, vali zikifunga, zikifunga, zikifunga. Zaidi ya mioyo laki moja ilikuwa imepita mikononi mwake, na yote ilimfikia ikiwa imeshaacha kupiga. Akamkaza binti yake zaidi, akaanza kuhesabu mapigo.