Mstari wa Nne wa Wawira

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya siku ya kwanza, tena kwa kutaka kila kitu kiwe safi. Nilikuwa mpimaji msaidizi katika kliniki ya macho mjini Embu. Habari za macho na ubongo nilijisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na niliogopa mtu asije akagundua pengo.

Wawira, wa miaka sita, aliletwa na mama yake kutoka Kianjokoma. Kadi ya wasiojua kusoma ina alama moja tu, yenye meno matatu kama uma, inayorudiwa mstari baada ya mstari ikielekezwa juu, chini, kushoto au kulia. Mtoto huonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Wawira alikosea mstari wa nne. Fomu yenye makosa iliniuma, nikamrudisha palepale mara tatu hadi akapata zote. Nikaandika: macho mazima.

Mkuu wa kliniki, tuliyemwita Madam, aliisoma fomu kabla hawajatoka.

"Wa nne amepata zote?"

"Zote, Madam. Mara ya nne."

"Kijana, ulimpima ama ulimfundisha? Hata kasuku angepita."

Akaigeuza kadi juu chini. Wawira akaonyesha majibu yaleyale aliyokariri kwangu, kwa mfuatano uleule, kama anayeimba darasani. Yote yalikuwa makosa.

"Na mimi nimekuwa nikimchapa juu ya kuandika vibaya," mama yake akasema polepole.

Baada ya kumpima upya, Madam alinivuta kando. Kisogoni, alisema, kuna seli za ubongo, na kila kundi husubiri mstari wa mwelekeo wake: uliosimama, uliolala, ulioinama. Zikijibu pamoja, ubongo hupata kona, kisha umbo. Jicho la Wawira lilififisha mistari iliyolala, kwa hiyo seli za mistari hiyo zilikosa mazoezi.

"Na seli hizo hufunzwa utotoni," akamaliza. "Ungemrudisha nyumbani akae bila miwani hadi lini?"

Niliyafuta yale maneno, macho mazima, kwenye fomu.

Wawira alipata miwani. Mwanzoni haikumsaidia sana, maana lenzi hurekebisha picha papo hapo lakini seli hujifunza taratibu. Miezi ilipita kabla hajausoma mstari wa nne, kadi ikiwa imegeuzwa.

Leo nasimamia upimaji Mikinduri, na kazi hii naijua. Fomu yenye makosa bado inaninyima raha. Lakini mtoto hujibu mara moja tu, nami naandika alichojibu.