Neno "Heim" na kitovu cha binti yangu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Niko Voi, na hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Wife wangu, Wakesho, anafanya kazi Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wenyewe wanaiita Heim.

Mwaka jana alikuja likizo, akarudi na mimba. Binti yetu Mghoi, jina la mama yangu, amezaliwa huko. Mimi namjua kwa video call tu.

Hilo neno likanikaa kichwani. Nikifunga duka nakaa na simu nalifuatilia. Ni upweke, nisiwadanganye.

Kumbe ni ndugu ya home ya Kiingereza. Sweden wanasema hem, Denmark hjem. Wafaransa walilichukua likawa hameau, yaani kijiji kidogo. Iceland, heimur ni dunia nzima. Inasemekana zamani lilikuwa mahali watu wametua wakakaa.

Kwa Mjerumani Heim ni nyumbani, na ni hapo pia wazee wanapopelekwa watoto wao wakiwa bize. Hapo nilikasirika kidogo, lakini ndiyo kazi ya wife.

Sasa, kwetu Werugha, huko juu milima ya Taita, kitovu cha mtoto kikianguka tunakizika shambani chini ya mgomba. Hapo ndipo kwao. Mama alishasema cha Mghoi kikaushwe, kiletwe.

Jumapili iliyopita nilipanda kwa mama tukampigia Wakesho. Mama akauliza kitovu kinakuja lini.

Wakesho akajibu:

"Mama, nilikizika huku. Nyuma ya Heim, chini ya mti wa apple. Nimeongeza contract, nikaona kitakaa sana kwa droo."

Hata mimi hakuwa ameniambia. Iliniuma, wakuu, na bado inauma.

Mama hakugomba. Simu ilipokatika akaniuliza, "Mwanangu, hiyo Heim ni nini kwa lugha yao?"

Maana zote nilikuwa nazo. Nikamwambia, "Ni nyumbani, mama."

Akaendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema, "Basi mfundishe Mghoi kusema Werugha kabla hajajua hiyo."

Nilichojifunza: nimelifuata neno mpaka Iceland, na mke wangu sijawahi kumuuliza yeye nyumbani anaona ni wapi. Naogopa jibu.

Wenye watoto majuu, mlifanyaje wakajua kwao? Nasoma comments zote.

Kila jioni namwambia Mghoi, "Sema Werugha." Ananicheka, halafu anageuka kumtafuta mama yake, aliye naye chumbani.