Vifuu Vilivyozaa Nyanya

Juzi nilikwenda ofisi moja hapa Mtwara kugongewa muhuri barua ya kuomba kazi. Ya ngapi? Nimeacha kuhesabu. Mbele yangu mama mmoja mwenye beseni lililofunikwa kanga alikuwa akipigania shamba lake la mchanga lisichukuliwe, eti halilimwi.

"Mama, ripoti iko clear," bwana shamba alisema, macho kwenye simu. "Nilikagua mwenyewe. Mchanga mtupu, no irrigation system. Vifuu tu vimetupwa ovyo."

"Ulikifunua hata kimoja, baba?"

"Nifunue vifuu vya nazi ili iweje?"

"Chini ya kila kifuu nimefukia mtungi. Naujaza maji, unavuja taratibu, mizizi inakunywa. Kifuu ndicho kifuniko, jua lisininyang'anye maji. Ulipokuja, mbegu ndiyo kwanza nimezitia."

Akatua beseni juu ya ripoti na kuvuta kanga. Nyanya! Nyekundu, nono, zimejaa pomoni. Foleni nzima tukashangilia. Bwana shamba akaokota moja, akaifuta shatini, akaing'ata. Maji yakamchuruzikia kwenye tai. Akafuta "halilimwi", akaandika "linalimwa", akagonga muhuri hadi meza ikatikisika.

Mimi nina degree ya kilimo, ndugu wasomaji. Kilimo cha jangwani nilipata A, kwa slides. Nikamkimbilia yule mama mlangoni.

"Shikamoo mama. Utanifundisha?"

Akaniangalia viatu, akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Njoo kesho na jembe. Cheti kiache nyumbani, kisije kikachafuka."