Ubatizo wa Jumatano

Muuza milango alikuwa na jina zuri alilopewa na babake, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bure. Katika darasa la Biblia, kila mjadala ulipopamba moto, alilipiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Wokovu ni bure! Hununui, hukopi, hulipi kidogo kidogo!" Wateja wakalibeba neno hilo hadi uani kwake, alikopanga milango na madirisha ya majumba yaliyobomolewa. "Bure, na huu mlango basi tupe kwa jina lako." Naye hujibu bila kuinua macho: "Bure iko mbinguni. Hapa ni dukani. Taja bei."

Biashara yake aliijenga mwenyewe. Alianza na dirisha moja bovu alilolibeba kichwani mtaa kwa mtaa mpaka likapata mwenyewe. Sasa alijua ubao kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole, na mtu kwa macho yake: anayeangalia bawaba kwanza ni mnunuzi, anayesifia rangi anapitisha muda.

Kanisani alikuwa mmoja wa wazee wa baraza, na hasimu wake humo alikuwa fundi viatu mwenye mguu mmoja mfupi, aliyeitwa Matendo. Kwa Matendo, imani isiyotembea ilikuwa kiatu cha kupamba rafu. Wawili hao walibishana miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja aliamini kwamba bila yeye mwenzake angepotea.

Kanisa lao lilikuwa na desturi ya zamani. Mtoto wa ndoa alibatizwa Jumapili, kwaya ikiimba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alibatizwa Jumatano alasiri, bila wimbo, na mama yake aliingizwa kwa mlango wa pembeni, ule wa ofisi ya mchungaji. Mlango huo aliuuza Bure. Bawaba yake ya juu ililia kila ulipofunguliwa, hata majirani wakajua kuna nani leo.

Siku baraza lilipoijadili desturi hiyo, Bure alikuwa na moto.

"Tunawabatiza wachanga kwa nini," aliuliza, "kama si kwa sababu neema humtangulia mtu kabla hajajua kushoto na kulia? Sasa neema hiyo inasoma kalenda? Jumapili inatosha, Jumatano imepungua?"

"Neema naijua, mzee mwenzangu," Matendo akasema. "Lakini kanisa lisilo na nidhamu ni soko."

"Soko nalijua kuliko wewe. Hata sokoni mteja haulizwi mama yake aliolewa lini!"

Wazee wakacheka, na mtu akichekwa barazani ameshashindwa. Wakapiga kura, Jumatano ikafutwa. Matendo akainuka taratibu, akijishikilia kwenye kiti cha plastiki.

"Nimeshindwa, nimekubali. Ila maneno matupu hayavunji mfupa. Mtoto atakayekuja bila baba, mzee wa kanisa asimame naye pale mbele, ampakate, watu wote waone."

"Hilo dogo," Bure akasema. "Liandikwe."

Alirudi nyumbani kama aliyeuza mlango ulioliwa na mchwa kwa bei ya mpya. Akamsimulia mkewe neno kwa neno, na pale pa soko akapasimulia tena. Mkewe hakucheka. Alichukua simu, akatoka nayo uani.

Kesho yake binti yao alipiga. Ndiye kifungua mimba wao, mwalimu wa shule katika mji wa mbali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Mama ameniambia ulivyonitetea. Nimelia, Baba. Muda wote huu nikiogopa, kumbe ulishajua ukanyamaza."

Bure alikuwa na msasa mkononi. Akauweka chini. "Nilishajua nini?"

"Kuhusu mwanangu. Nilijua Mama hawezi kukuficha." Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nakuja naye, abatizwe Jumapili. Nataka wewe ndiye umpakate."

Angeweza kusema hapo hapo kwamba hakujua lolote, kwamba barazani alitetea watoto wa watu. Lakini alipokea shukrani isiyo yake, kama mtu aliyerudishiwa chenji ya ziada akafunga mkono.

"Haya," akasema. "Karibuni."

Usiku ule mkewe alimwambia, "Ningekwambia vipi, baba watoto? Wewe unabishana vizuri na watu walio mbali."

Bure alijilaza chali. Kichwani aliyaona mabenchi ya kanisa yamejaa: wateja wake, wanakwaya, mjane wa jirani ambaye mwaka juzi alimwambia, kwa utani tu, kwamba binti hulelewa nyumbani, halelewi na shule. Wote wangemwona amesimama mbele na mjukuu asiye na baba.

Asubuhi akaenda kwa mchungaji, kijana aliyeletwa karibuni, ambaye alikuwa bado anapanga vitabu vyake. Bure aliugonga ukuta, akaisifu ofisi, akazunguka kama anavyozunguka mlango anaoutaka. Mwishowe akasema:

"Kuna mtoto mmoja. Wa familia yangu. Nilikuwa naona Jumatano ingefaa zaidi. Kuna utulivu."

"Mzee, Jumatano si mmeifuta?"

"Kwa wengine. Huyu tumsaidie kimya kimya." Akashusha sauti. "Na mlango mkubwa wa kanisa umechoka. Ninao mmoja, mbao ngumu, wa kufunguka pande mbili. Ungekaa vizuri pale."

Mchungaji aliacha kupanga vitabu. Hakukasirika. Bure angependa akasirike.

"Mlango hatuwezi kuupokea kwa namna hiyo, mzee. Na siku ya ubatizo, nitamuuliza mama wa mtoto."

"Usimuulize."

"Ni mtoto wake."

Binti alifika Jumamosi, mtoto kifuani, mfuko wa nepi begani. Alimwamkia babake bila kumtazama, akaketi mezani. Bure akaangalia kimkono kilichochungulia kwenye kanga. Kilikuwa na vifundo kama vyake.

"Mchungaji amenipigia," binti akasema.

"Nilifikiria mtoto. Jumapili kuna kelele, atalia."

"Baba, usinishushe bei."

Mama mtu akajifanya anatafuta kijiko.

"Pale barazani ulikuwa unamtetea nani?" binti akauliza. "Niambie tu."

Bure alifungua mdomo uliowahi kuwashinda wazee wote. "Sikuwa nakujua," akasema. "Yaani, sikujua kama ni wewe."

"Ungejua?"

Alitazama meza. Aliujua ubao wake, nyumba iliyobomolewa ulikotoka, na bei aliyoutolea. Hilo ndilo pekee alilokuwa na hakika nalo.

Jumapili binti aliingia kwa mlango mkubwa. Kwaya ikaimba. Alipofika mbele mchungaji akasema, "Mtoto huyu atasimamiwa na mzee wa kanisa," akanyamaza, akangoja. Shingo zote zikageukia benchi la wazee, upande wa Bure. Babu yupo, mzee yupo, na sheria ni ile aliyosema mwenyewe iandikwe.

Bure aliinama akakaza kamba ya kiatu iliyokuwa imekazwa. Alijiambia atainuka ikikazika. Akaifungua, akaanza upya.

Benchi likalia. Matendo alikuwa amesimama. Alishuka kwa mguu wake mfupi, kishindo kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kanisa zima likimsikiliza, akafika, akanyoosha mikono. Binti akatazama benchi mara moja, kisha akampa mtoto.

Hapo ndipo Bure alipoinuka. Alifika maji yameshamiminwa. Mahali pa kusimama hapakuwepo tena, akabaki kando ya ngazi, mikono ikining'inia, mbele ya watu wale wale aliowakwepa. Sasa walikuwa wanamwona vizuri zaidi. Mtoto hakulia hata kidogo.

Baada ya ibada Matendo alimfuata nje. Bure akajiandaa kwa kejeli; aliistahili, na angeilipa kwa nyingine, mambo yaishe. Haikuja.

"Mzito yule," Matendo akasema akijisugua kiwiko. "Wanamlisha vizuri." Akaenda zake.

Binti alitoka akizungukwa na wanawake. Bure akasogea.

"Nipe nimpakate kidogo, mwanangu."

Binti akamtazama, akafikiri. Kisha akashusha mfuko wa nepi begani, akamtundikia babake mkononi.

"Anza na huu," akasema, akatangulia.

Ulikuwa wa waridi, una picha za bata. Bure akaubeba mbele ya wateja wake wote, hatua chache nyuma ya binti yake, mpaka nyumbani.