Redio ya Mhandisi wa Atomiki

Aliporudi kutoka Ulaya, Kasulu nzima ilimjua kabla hajafungua mizigo yake. Alikuwa kijana wa Mabamba, serikali ilimpeleka kusomea uhandisi, na huko akafanya mazoezi kwenye kampuni inayojenga mitambo ya umeme wa atomiki na kuiuza nchi za watu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu masika nilikuwa nikimtaka nesi mmoja wa hospitali ya misheni, ila mdomo ulikuwa mzito. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kwangu kusikiliza salamu kwenye redio yangu ya Kijapani, ndogo kama tofali, niliyoinunua kwa muuza duka mmoja mtu wa Ujiji. Nilidhani anakuja kwa ajili yangu pia.

Jumapili moja yule mhandisi akaingia. "Mwakeye!" akatusalimu Kiha, akaweka mezani redio yake, kubwa kama sanduku la safari, inameta kila pembe.

"Imetengenezwa na kampuni hiyohiyo ya mitambo?" nesi akauliza.

"Hiyohiyo, dada. Wana kitu kidogo kama harage, kinachemsha maji ya kuwashia umeme mji mzima."

"Kumbe!"

Kwangu hajawahi kusema "kumbe" namna ile. Nilizima redio yangu. Hakuna aliyegundua.

Haikupita hata miezi miwili, redio kubwa ikaanza kukohoa. Kifundo cha kutafutia stesheni kikang'oka, kisha ikatoa moshi, ikanyamaza kabisa. Niliposikia, niliondoka shuleni saa ya mapumziko, nikaenda mbiombio hadi hospitali.

"Dada, umesikia? Watu wanauza mitambo ya atomiki, redio imewashinda!"

"Ameniambia mwenyewe," akasema. "Tumecheka mpaka machozi. Anasema kule mafundi wazuri wote wako kwenye mitambo. Redio wanaachiwa waliobaki."

Tumecheka. Neno hilo nilirudi nalo darasani, nikamchapa mtoto ambaye hakuwa na kosa.

Jumapili iliyofuata walikuja pamoja. "Kaka, tumekuja kusikiliza salamu," nesi akasema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita kaka. Nilipandisha sauti ili wasiweze kuzungumza. Wakawa wanaongea kwa macho. Nikaigeuza redio, nikachomoa mawe ya betri.

"Mawe yamekwisha," nikasema.

Mhandisi akatia mkono mfukoni, akatoa mawe mapya. "Nilijua tunakumalizia, mwalimu. Nikaona si vizuri kuja mikono mitupu."

Angekuwa mtu mbaya ningepumua. Yule hakuwa mbaya.

Walioana baada ya mavuno ya maharage. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha, sikwenda. Wakahamia Kibondo. Mhandisi hakuuona tena mtambo wa atomiki. Alikabidhiwa pampu za maji, nazo zilitoka ng'ambo, na zilikuwa hazikai wiki bila kuharibika. Niliposikia mabomba ya Kibondo yamekauka, nilifurahi kutwa nzima.

Kisha akaja mwalimu mwenzangu kutoka huko. Akaniambia mhandisi ameingia mtaroni mwenyewe, tope mpaka kiunoni, anafukua mabomba na vibarua, na mkewe akitoka kazini humpelekea chakula palepale, wakala kwenye sahani moja. Pampu hata sikuuliza kama zilipona. Ile sahani ndiyo iliyoniuma.