Daraja la Chini na Miti Yake

Kwetu Masama watu huniuliza kwa nini mwanamke mzima, mchoraji wa ramani za nyumba mwenye ofisi yake mjini Moshi, anaendesha treni kwenye kompyuta kama mtoto. Zamani nilijieleza. Siku hizi nawaambia kila mtu ana ugonjwa wake, na yaishe.

Tuko kundi la wapenda treni mtandaoni, tunaijenga upya reli ya Tanga hadi Arusha ndani ya mchezo wa kuendesha treni. Tunataka stesheni, kona na vilima vyote vifanane na vya kweli. Mimi niligawiwa madaraja ya zamani ya upande wetu, kwa kuwa ni mimi tu niliyeweza kwenda kuyashika kwa mkono. Wenzangu wengi ni wastaafu wa Ulaya ambao hawajawahi kukanyaga vumbi la Bomang'ombe, lakini wanaweza kugombana wiki nzima kuhusu umbo la ribiti, vile vichwa vya misumari minene ya chuma inayoshika daraja. Nawapenda, ila kuna siku natamani kuwazaba vibao.

Madaraja mengine niliyajenga kwa raha. Moja niliogopa hata kulianza. Liko huko tambarare, chini ya mlima wetu, na ndipo treni ya baba ilipomgonga jirani yetu.

Baba alikuwa dereva wa treni za mizigo. Mimi nilikuwa bado msichana wa shule. Sisi watu wa mlimani tuna kihamba nyumbani, cha migomba na kahawa, halafu tuna shamba la mahindi huko chini kwenye joto. Kutoka shamba la chini njia ya mkato ilipita juu ya daraja la reli, na kila mtu aliipita. Mama aliipita, na mimi niliipita nyuma yake nikitazama maji kati ya mataruma. Pembeni mwa daraja palikuwa na kibaraza kidogo cha mbao, cha kujibanza treni ikija. Jirani yetu alikuwa anarudi na gunia la mahindi kichwani. Hakujibanza.

Baba aliwaambia waliomhoji kwamba kona ya pale haikuonyeshi daraja mpaka umelifikia, kwamba alipomwona mtu, treni tayari iko juu yake. Walimwamini, akarudi kazini. Ndugu wa marehemu, jirani yetu naye, hakumwamini. "Ile kona naijua," alisema msibani, mbele ya watu. "Inaonekana." Tangu siku hiyo nyumba zetu mbili, zinazotenganishwa na mfongo tu, mfereji wetu wa kumwagilia, ziliacha kuzungumza. Kwenye sherehe yeye hakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kutoka kata iliyopita mikononi mwa baba. Krismasi tulichinja, wakachinja, na hakuna kipande cha nyama kilichovuka maji.

Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja, nasi tulikula nalo na kulala nalo: baba alimwona, au hakumwona? Mimi nilishikilia kwamba hakumwona. Ningemrarua mtu kwa hilo.

Nilikwenda darajani na kibali changu mkononi, nikapima nguzo na mihimili, nikapiga picha kila upande, pamoja na ile kona. Reli ilikuwa imelala miaka mingi kabla treni hazijarudi, na kingo za udongo pale konani zimejaa miti: migunga, milukina, na mikaratusi mirefu. Niliipiga picha yote. Nyumbani niliipanda kwenye kompyuta mmoja mmoja, palepale ilipo, maana nikifanya kitu sitaki mzee wa Ulaya anikosoe.

Daraja lilipokamilika nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilitengeneza mtu, nikamsimamisha katikati ya daraja. Nikaunga mabehewa yenye uzito kama ya baba, nikashuka na treni kutoka upande wa Moshi. Nikaingia konani, miti ikapita dirishani, na ghafla huyo hapo, mbele ya pua. Nikafunga breki zote. Treni ilimpitia, ikaenda kusimama mbali kabisa ng'ambo ya mto.

Nilirudia. Nikarudia tena, mara hii nikipunguza mwendo kuliko dereva yeyote mwenye akili. Sikuweza kusimama. Nililia kwa furaha peke yangu ofisini, na mwenye duka la jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Mimi sijui kukaa na jambo kifuani. Nilimwambia mama, mama akamwambia mtu kanisani, na habari ikavuka mfongo kwa kasi ambayo nyama haikuwahi kuvuka nayo. Jumapili iliyofuata, tumetoka ibadani na tumekaa sebuleni, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa yeye, ndugu wa marehemu, amevaa koti lake la kanisani. Hakuwa ameingia ndani mwetu tangu nikiwa na sare ya shule.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba. "Nasikia binti amelijenga lile daraja. Nasikia limekutetea."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake na miguu yake iliyovimba. "Mimi sikumtuma," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nataka niendeshe mwenyewe."

Mama akanitazama akitikisa kichwa kwamba nisikubali. Nilikwishafungua kompyuta, ile ya mkononi ninayotembea nayo. Nilitaka aone. Nasema ukweli, nilitaka ashindwe mbele ya baba.

Nilimwonyesha kitufe cha mwendo, cha breki, cha honi. Alikuwa mwepesi wa kushika, amewahi kuendesha matrekta. Alishuka na treni akiwa amekunja uso. Kona ikaja. Miti ikaja. Mtu akatokea. Aliikandamiza breki kwa nguvu mpaka meza ikasogea, na treni ikampitia mtu.

"Nipe tena," akasema.

Nikampa. Safari ya pili alianza kufunga breki mapema, ndani ya kona, kabla hajaona kitu. Bado ilimpitia. Safari ya tatu aliachia mikono kabla ya daraja, akafumba macho.

Mama alikuwa amejishika mdomo. Yule mzee akasema taratibu, macho kwenye skrini, "Mimi nilikuwa nasema inaonekana. Miaka yote hii nasema inaonekana. Labda nilisahau."

Akainuka, akatoka nje. Nilidhani ameondoka, nikataka kucheka kwa ushindi, nashukuru sikucheka. Alirudi ameshika jani refu la isale alilolikata kwenye uzio wetu. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na likishaletwa halikataliwi, hata kama alimwaga damu ya nduguyo. Hata watoto wanalijua hilo.

Alisimama mbele ya baba, akalinyoosha kwa mikono miwili. "Nimekuchukia bure," akasema. "Nisamehe, mwenzangu."

Nilisubiri baba anyooshe mkono. Mama alikwishaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa sauti. Chuki ilikuwa imekwisha, nilijua imekwisha, na ni mimi niliyeimaliza kwa picha zangu na miti yangu.

Baba hakulipokea.

"Baba watoto!" mama akaita, kwa jina analomwita mbele ya watu. "Pokea!"

Mikono ya baba ilikuwa juu ya magoti, imeganda. Sijawahi kuona mtu akikataa isale, na sijawahi kusikia limekataliwa. Uso wa jirani ulianza kubadilika, aibu ikigeuka hasira, na nikamwona mama akisogea katikati yao kama anayezuia ng'ombe.

"Kaa, mdogo wangu," baba akasema. "Hii miti haikuwepo."

Mimi ndiye niliyejibu. "Baba, miti ipo, nimeipiga picha, nimeipima..."

"Ipo leo. Wakati wetu watu wa gengi, vibarua wa kutunza njia ya reli, walifyeka kingo kila msimu. Palikuwa na nyasi tu, fupi." Akanigeukia. Sikuwahi kumwona baba akinitazama kwa kuniomba. "Itoe, mwanangu."

Ningeweza kukataa. Nilifikiria kusema kompyuta imegoma. Nilifikiria kuizima kabisa. Nilikuwa nimekasirika naye, nimekasirika kiasi cha kutaka kumtikisa mabega, mzee mzima anayesukuma mbali kitu alichokililia nusu ya maisha yake. Jirani alikuwa bado amesimama na jani lake, na alikuwa ananitazama mimi.

Nikaitoa miti. Ni kazi nyepesi, unaichagua yote kwa pamoja na inaondoka. Kingo zikabaki tupu. Ile kona, bila miti, haikuficha chochote.

Baba akavuta kiti hadi mezani. Hakuuliza kitufe kipi ni kipi. Aliondoa treni polepole, akaiacha ichukue mwendo, na kabla hata hatujaingia konani vizuri, juu ya ukingo mfupi wa udongo, daraja lilikuwa linaonekana lote. Katikati yake kulikuwa na kijitu kidogo cheusi.

"Hapa nilimwona," baba akasema.

Treni ikaendelea. Mkono wake haukwenda kwenye breki.

"Hapa nikapiga honi." Akaibonyeza, ikalia sebuleni, mama akashtuka. "Akageuka. Akanipungia mkono. Nikasema huyu amenisikia, anakwenda kibarazani, wote huenda kibarazani. Nina mabehewa yamejaa, mbele kuna mlima. Nikisimama hapa chini sinyanyuki tena, na madereva wenzangu watanicheka mwezi mzima kwamba nasimama kwa kila mpita njia." Kijitu kilikuwa kinakua. "Hapa nikaona haendi. Ndipo nikafunga."

Akafunga. Tulitazama hadi mwisho, sote wanne.

"Nilimwona," baba akasema. "Nilimwona tangu mbali. Ningefunga pale nilipopiga honi, angevuka."

Jirani hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliliweka jani juu ya meza, pembeni ya kompyuta, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Alikupungia," akasema.

"Alinipungia."

"Alikuwa anaogopa?"

"Hapana. Alikuwa anacheka. Gunia lilikuwa linamwelemea, alilishika kwa mkono mmoja, akanipungia kwa ule mwingine, anacheka. Nadhani alinijua. Alijua ni zamu yangu."

Yule mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu tusiyemwona. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo mno. "Mama yetu aliuliza hilo mpaka tunamzika. Kama mwanawe aliogopa. Usiku alikuwa ananiamsha aniulize, na mimi namwambia sijui, mama, hakuna aliyemwona." Akamgeukia baba. "Na wewe ulikuwa hapo, ng'ambo ya maji, unajua. Ungekuja kumwambia hilo moja tu. Mengine yote ungekaa nayo."

Machozi yalikuwa yanamtoka baba na hakuyafuta. Mimi niliona haya kwa niaba yake, niliona haya na kumhurumia na kumkasirikia vyote kwa pamoja, na sikujua nitazame wapi, nikatazama skrini. Treni ilikuwa imesimama ng'ambo. Nikairudisha mwanzo, kwa mazoea tu, na yule mtu wangu akarudi katikati ya daraja, amenyooka, mikono imemshuka ubavuni kama mlingoti.

Jirani naye alikuwa anamtazama.

"Binti," akasema. "Huyu unaweza kumfanya apunge mkono?"

"Naweza, baba. Lakini ni kazi. Itachukua muda."

"Mwekee na gunia."

Mama alimletea kiti. Yule mzee hakukisogeza karibu na cha baba, wala hakukipeleka mbali. Alivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akakaa kunisubiri.