Mazishi Kwenye TV ya Jirani

Mimi nikiamua kitu, nimeamua. Ndugu zangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kuwabishia. Kwa hivyo Jumamosi ile ya mazishi ya mjomba, nilipofika kwa Mama pale Kiamunyi na laptopu begani na waya mpya mfukoni, nilikuwa nimeshaapa: Mama atamwona ndugu yake akizikwa, na atamwona kwenye TV, kubwa, waziwazi, hata kama itabidi niingie ndani ya hiyo TV nimshikilie picha kwa mikono yangu.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimkataza katakata asisafiri. Huko kwao magharibi ni mbali, na barabara ya mwisho ni mashimo matupu. Ndugu zangu wote wakaenda. Mimi kitinda mimba nikaachwa nimlinde. Mazishi yangerushwa moja kwa moja kwenye mtandao, kama watu wanavyofanya siku hizi, kila mwenye simu aone. Lakini Mama ana presha ya macho. Ukimpa simu anaona vivuli vikipita tu. TV ndiyo anayoweza kuiona, ukimsogeza karibu kabisa.

Halafu kulikuwa na suala la sweta. Mjomba ndiye ndugu wa pekee aliyekuwa amebaki kwa Mama, yule aliyembeba mgongoni walipokuwa watoto kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama alimfumia sweta ya rangi ya damu ya mzee, zamani, kabla macho hayajaharibika. Mjomba aliivaa mpaka kiwiko kikatoboka. Desemba iliyopita alituletea miwa kama kawaida yake, akaiacha hiyo sweta kwetu ili Mama akizibe kile kiwiko. Hakuirudia. Mama alikiziba kwa kupapasa, akaikunja, akawapa ndugu zangu waende wamvishe nayo ndani ya jeneza.

"Nataka nione ameivaa," aliniambia asubuhi hiyo, ameketi kwenye kiti chake mbele ya TV, kitambaa cha kichwa bado hajafunga. "Nisipoona, sitaamini amekwenda. Nitakaa hapa nikimngoja Desemba aje na miwa."

"Utaona, Mama."

"Usiniambie nitaona. Nionyeshe."

Basi nikafungua laptopu. Ni ya kazini, mpya, nyembamba, ya kujivunia mbele za watu. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta tundu la kuchomeka ule waya. Hakuna. Nikaigeuza tena. Jamani, mtu mzima na akili zake anaketi anatengeneza laptopu isiyo na tundu! Niliitukana kimoyomoyo, maana Mama alikuwa ameanza kuomba.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilijua TV kama ile inaweza kushikana na laptopu bila waya wowote, picha ikapita hewani. Nikawasha intaneti ya simu, nikafungua matangazo ya mazishi, nikaiambia laptopu itafute TV iliyo karibu. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta jina moja tu: aina ya TV, kisha herufi na tarakimu ndefu. Nikaenda nyuma ya TV yetu nikasoma kibandiko. Yaleyale, tarakimu kwa tarakimu. Nikabonyeza. Laptopu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba imeunganishwa.

TV yetu ikabaki bluu.

"Iko wapi?" Mama akauliza.

"Inakuja."

Haikuja. Zaidi ya hapo, sauti iliyokuwa ikitoka kwenye laptopu ikapotea. Kwenye kioo cha laptopu niliona hema, viti, watu wakifungua midomo kuimba, na sisikii lolote. Nikafikiri labda TV inataka kuambiwa ipokee. Nikaomba rimoti.

"Iko kwa droo," Mama akasema. "Na usiitoe kwa nailoni."

Hapo inabidi nieleze. Hiyo TV ililetwa na chama. Akina mama wa safu yetu walikuwa na chama cha kuchangiana pesa, na mwaka fulani waliamua kila mmoja apate TV, tena wote wanunue duka moja ili wapunguziwe bei. Zikaja kwa pikapu moja, aina moja, ukubwa mmoja, na kila mama akafuma kitambaa cha kuifunikia. Wengine waliichakaza rimoti. Mama yangu aliiacha ndani ya nailoni yake, akaifungia kwenye droo isije ikaharibika, akawa anawasha TV kwa kile kidude cha chini na kubadilisha stesheni kwa rimoti ya king'amuzi. Nilipoifungua siku hiyo, betri zilikuwa zimevuja, zimeila rimoti yote ndani. Aliitunza mpaka ikafa.

"Mama, hii imeoza."

"Haiwezi kuoza. Haijatumika."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikakata mawasiliano, nikaanza upya. Jina lilelile moja. Imeunganishwa. TV bluu. Nikaanza tena. Nilikuwa nimeanza kuongea na ile laptopu kwa lugha ambayo si ya nyumba ya Mkristo, ndipo Mama akainua mkono.

"Nyamaza. Sikiliza."

Kutoka nyumba ya jirani, ng'ambo ya ua, kulikuwa na watu wanaimba. Wimbo wa mazishi. Tena kwa lugha ya kwao Mama, lugha ambayo jirani huyo haijui hata salamu yake.

Uso wa Mama ukabadilika. "Ananicheka," akasema. "Amesikia nina msiba, ndiyo ananiwekea nyimbo za matanga. Huyo mwanamke! Leo, siku kama ya leo!"

Mama na jirani huyo walikuwa marafiki wa chanda na pete. Kulikuwa hata na kijia kati ya nyumba zao, pengo kwenye ua, chumvi inapita, mboga inapita, umbea unapita. Kisha jirani akapanda ua upya, kayaba yenye miiba, na Mama akasema ameuingiza kwetu hatua nzima. Jirani akasema Mama ndiye aliyekuwa amelima kwake. Pengo likazibwa. Mama akaapa hatakanyaga kwa yule mwanamke tena, na Mama akiapa, mjue ngumi zangu nilizitoa wapi. Mjomba peke yake ndiye aliyekataa ugomvi huo. Kila Desemba alipoleta miwa, alikuwa akimpitishia jirani fungu lake juu ya ua, na Mama anajifanya hajaona.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, tayari kwenda kumwambia jirani maneno nisiyopaswa kumwambia mtu mzima, niliposikia sauti yake.

"Nyinyi! Nyinyi wa hapo! Nani amekufa, na anafanya nini kwa TV yangu?"

Alikuwa amesimama upande wake wa ua, leso kiunoni, mwiko mkononi.

"Ati kwa TV yako, Anti?"

"Nilikuwa naangalia mambo yangu. TV ikaniuliza kitu, nikabonyeza OK. Mimi hubonyeza OK kwa kila kitu. Mara naona hema, naona jeneza. Nikafikiri ni filamu. Ikapotea, ikaniuliza tena, nikabonyeza tena. Halafu nikaona picha ya marehemu hapo mbele." Akateremsha mwiko. "Huyo si ndugu ya mamako? Yule wa miwa?"

"Ndiye, Anti."

"Na hakuna mtu aliniambia," akasema. Hakuwa na hasira. Aliumia.

Ndipo akili ikanijia, polepole kama mgeni asiyeijua njia. TV za chama. Aina moja, jina moja. Yetu haikuwa hata imewashwa sehemu ya kupokea, na bila rimoti haingewashwa. Lile jina moja kwenye laptopu lilikuwa la kwake tangu mwanzo. Kupitia dirisha lake nikasikia mshereheshaji akitangaza kwamba watu wa familia wajipange, watazame mwili kwa mara ya mwisho, kisha jeneza lifungwe.

Nikarudi ndani mbio. "Mama, twende kwake."

"Kwa nani?"

"Unajua ni kwa nani. Hakuwa anakucheka. Mazishi yako kwa TV yake, mimi ndiye nimeyapeleka huko. Wanakaribia kufunga jeneza."

"Siendi. Niliapa."

"Hata mimi niliapa leo asubuhi, na kiapo changu ni kipya kuliko chako. Mama, sweta iko upande ule."

Nilisikia saa ya ukutani, na zile nyimbo. Nilijua siwezi kumbeba, na akikataa, basi imekwisha.

"Nipe kitambaa cha kichwa," akasema.

Kuzunguka kwa lango hakukuwezekana. Mvua zilikuwa zimechimba mfereji njiani, na Mama alikuwa anatembelea ile fremu ya chuma ya hospitali, hatua ya mtoto anayeanza kutembea. Njia ilikuwa moja. Nikachukua panga, nikaenda pale palipokuwa na kijia, nikaanza kuikata kayaba. Miiba ikanichana mikono na sikujali. Upande wa pili nikaona matawi yanavutwa: jirani alikuwa ameingia kazini, anayang'oa kwa mikono mitupu.

"Kata chini!" akanifokea. "Chini, si juu! Hata panga hujui kushika. Mamako hakukufunza?"

"Nilimfunza," Mama akasema kutoka nyuma yangu. Alikuwa amejitoa nje mwenyewe. "Kichwa chake ndicho kigumu."

Pengo likafunguka. Mama akatanguliza fremu yake, akasimama katikati ya ua, mahali pale hasa walipogombania. Jirani akanyoosha mkono, akausitisha, kisha akaushika mkono wa Mama.

"Angalia kisiki."

"Nakiona," Mama akasema. Hakuwa anakiona.

Sebule ya jirani ilikuwa na TV ileile, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa vilevile, kimekunjwa juu ili picha ionekane. Nikaja na laptopu mikononi nikiomba Mungu isiachane na ile TV. Haikuachana nayo. Jirani akavuta kiti mpaka karibu na kioo, juu ya zulia lake jeupe la manyoya, ambalo nadhani watu hawakuruhusiwa kulikanyaga na viatu. Sisi tulilikanyaga. Tukamketisha Mama.

Foleni ilikuwa fupi sasa. Niliwaona dada zangu, wakishikana. Mpiga picha akawafuata, akainua kamera, akaiteremsha polepole juu ya jeneza.

"Ni damu ya mzee?" Mama akauliza, pua karibu iguse kioo.

"Mama, ni ..."

"Usiniambie! Nataka kuona mwenyewe."

Mama akafuata kwa kidole, juu ya kioo, kutoka kidevuni, begani, mkononi. Kidole kikafika kwenye kiwiko, kikatulia hapo. Alikiziba kwa uzi wa rangi nyingine, maana hakuweza kuutofautisha, na sisi tuliomwona akifanya hivyo hatukumwambia. Ulikuwa uzi wa kijani. Sasa, pale, kwa ukubwa ule, hata macho yake yaliuona.

"Kumbe nilimwekea kijani," akasema. "Na akamvalia Mungu hivyo hivyo." Kisha akasema, "Ameivaa. Amekwenda kweli." Na akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wa kwao wanavyolia, na sikumnyamazisha. Nililia naye. Jirani alisimama nyuma ya kiti, amemshika mabega, na mchicha wake ukiungua jikoni hadi tukasikia harufu yake.

Jeneza likafungwa. Likateremshwa. Mhubiri akaanza maneno yake ya mavumbi kwa mavumbi, na watu wakaanza kuinama kuchota udongo. Hapo ndipo Mama alipoangalia viganja vyake. Kwao dada hamziki ndugu mikono mitupu.

"Mimi sina," akasema. Aliniambia mimi, kama vile ningeweza kuuleta udongo kutoka huko. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mimi mwenye ngumi, sikuwa na la kufanya.

Jirani alikuwa ameshatoka. Akarudi na sinia, lile la kupembulia mchele, na juu yake udongo wa Kiamunyi, mkavu, laini, wa kijivu. Akapiga magoti mbele ya Mama.

"Nimechota pale mlipokata," akasema. "Ni wako ama ni wangu, mimi sijui. Chukua."

Mama akachota konzi nzima. Akautupa mbele kwa nguvu zake zote, kwenye TV, kwenye kile kitambaa, na ukamwagika wote juu ya zulia jeupe. Jirani hakutikisika. Mama akapangusa macho kwa mkono uleule wenye vumbi, kisha akalisukuma sinia kuelekea kwake.

"Tupa na wewe," akamwambia. "Miwa ulikula."

Jirani akachota, akatupa.